Pikipiki Iliyovuta Kushoto

Sindano hakuwa mtu wa kuanguka. Hilo alilisema mwenyewe bila haya, na waliomfahamu walimkubalia, maana tangu aanze kazi ya kutengeneza vyerehani hakuna mashine iliyomshinda, na zile zilizojaribu kumshinda zilijuta. Kwa hiyo jioni ile alipoingia kwa mama yake akiikokota pikipiki, goti limechubuka na kioo cha pembeni kinaning'inia kwa waya, watu wa nyumbani hawakujua waanze na pole au waanze na kicheko. Mama yake alianza na pole. Mjomba wake, aliyekuwa amekaa kibarazani akipoza chai, alianza na pikipiki. Aliizunguka, akapapasa tangi kama anayempima mtoto homa, kisha akauliza ameifanya nini.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Pikipiki ile ilikuwa yake kabla haijawa ya mpwa wake. Kwa miaka mingi aliichukulia maziwa mlango hadi mlango, debe kubwa la bati limefungwa upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia kuna bomba la moshi, na maziwa yakipata joto la bomba hayafiki mlango wa tatu. Alipoacha biashara ya maziwa aliendelea kuiendesha kwa shughuli zake ndogo ndogo, na juzijuzi, baada ya kuona safari zake zimebaki za kwenda kinyozi na kurudi, akamkabidhi Sindano ufunguo. Huyo ndiye mjomba aliyemlea tangu baba yake alipoondoka bila kuaga, akamfundisha kupanda pikipiki hiyohiyo miguu yake ikiwa bado haifiki chini vizuri.

Sindano alieleza yaliyomkuta. Pikipiki inavuta kushoto. Ukiiacha kidogo tu kwenye barabara iliyonyooka, inakwenda mrama kuelekea mtaroni, na ukiingia kwenye kona usukani unakuwa mzito, halafu ghafla unaachia. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali yeye alitaka kulia, pikipiki ikataka kushoto, na kwa kuwa hawakuelewana, walilala chini wote wawili.

Mjomba alicheka kidogo, akapanda, akaiwasha. Akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akageuza, na wakati wa kurudi akaachia usukani kabisa, mikono ameikunja kifuani. Pikipiki ilikuja imenyooka kama uzi. Akasimama mbele ya kibaraza na kuzima injini.

"Pikipiki haina ubaya, mwanangu," alisema kwa upole. "Mikono yako ndiyo mizito."

Angemwambia ana sura mbaya, Sindano angecheka. Lakini mikono yake ndiyo iliyomlisha. Kwa mikono hiyo alijua, kabla hata ya kufungua mfuniko, kama sindano inagonga bamba au uzi umebanwa kupita kiasi. Neno lile lilimwingia. Aliitazama mikono yake ikiwa imejaa vumbi la barabarani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaishuku.

Tena lilikuja wakati mbaya. Ng'ambo ya kiwanda cha matofali kulikuwa na chuo cha ushonaji kilichompa kazi ya kuhudumia vyerehani vyake vyote, kazi ambayo mafundi wa mjini walikuwa wakiitolea macho. Alitakiwa kufika Jumamosi asubuhi na sanduku lake la vifaa, na mkuu wa chuo alishamwambia wazi kwamba asipofika ataitwa mwingine. Bila pikipiki hakuna kufika. Mjomba naye, kwa mapenzi matupu, akaongeza lake: kama hadi Jumamosi bado inamsumbua, ataichukua ampe jirani ambaye amekuwa akiiulizia. Afadhali imkose, alisema, kuliko imuue.

Mafundi wa njia panda hawakumsaidia. Wa kwanza alimwambia tatizo ni tairi la nyuma, ambalo kweli lilikuwa limelika upande mmoja, akamwekea jipya, na pikipiki ikaendelea kuvuta kushoto ikiwa na tairi jipya. Wa pili aliiendesha hatua chache akasema dawa yake ni kwenda kasi zaidi. Sindano alimshukuru kwa adabu, akaondoka akikata shauri kwamba mashine ni mashine, na kama ameweza kukituliza cherehani cha zamani kinachotafuna vitambaa, hiki chombo chenye magurudumu mawili hakitamtia aibu.

Alikuwa na kanuni moja ya kazi, nayo hakuivunja hata mteja alipomsimamia kichwani: gusa kitu kimoja, kisha jaribu. Ukigusa vitu viwili kwa pamoja na mashine ikapona, hujui umeiponya na nini, na ikizidi kuugua hujui umeiua na nini. Basi Ijumaa asubuhi aliiegesha pikipiki kwenye banda la mabati ambamo mama yake alishonea nguo, akatandika gunia, akapanga spana zake juu ya gunia kwa ukubwa, akaanza.

Alipima upepo wa matairi. Ulikuwa sawa. Akagonga spoki moja moja akisikiliza mlio wake. Zote ziliitika vizuri. Kisha akaweka tofali chini ya injini mpaka tairi la mbele likaachana na ardhi, akaugeuza usukani taratibu kwa kidole kimoja, kushoto, kulia, tena kushoto. Kila ulipopita katikati, kidole kilihisi kitu. Usukani ulinasa hapo kidogo, ukasita, ndipo ukaendelea.

"Nimekukamata," aliiambia pikipiki.

Mama yake, ambaye alikuwa amezoea kumsikia akizungumza na vyuma, hakuinua macho kutoka kwenye cherehani chake.

Sindano alifungua shingo ya usukani na kuzitoa gololi zake. Zilikuwa zimekauka, na kikombe kinachozibeba kilikuwa na vishimo palepale zilipokuwa zikikaa pikipiki ilipokwenda moja kwa moja. Miaka yote ile ya njia ileile ya maziwa gololi zilijichimbia makao, na kila ulipotaka kukata kona, ilibidi kwanza uzing'oe. Alinunua gololi mpya na kikombe kipya dukani, akazilaza kwenye grisi, akakaza nati mpaka usukani ukageuka bila kunasa na bila kucheza. Akaenda kujaribu. Mtaani kwenye kona zote usukani ulikuwa mwepesi, na moyo wake nao ukawa mwepesi, mpaka alipoingia barabara iliyonyooka. Pikipiki ilianza tena kwenda kushoto, polepole, kwa ukaidi uleule.

Hakukata tamaa. Nusu ya ugonjwa ilikuwa imeondoka, na iliyobaki haikuwa na pa kujificha. Alirudi bandani, akachukua uzi mnene wa mama yake, ule wa kushonea mifuko, mama akalalamika, naye akaahidi kuurudisha akijua wazi kwamba hataurudisha. Aliufunga nyuma ya tairi la nyuma, akauvuta pande zote mbili hadi mbele, ukiwa umegusa tairi pembeni bila kupindwa. Uzi hausemi uongo. Tairi la mbele lilipaswa kukaa katikati ya nyuzi mbili, lakini kumbe lilikuwa limesogelea uzi mmoja na kuupa mwingine mgongo. Tairi la nyuma halikuwa likilifuata la mbele. Lilikuwa linatazama kando.

Akainama kuangalia nati za kukazia mnyororo, zile zinazosogeza tairi la nyuma mbele au nyuma. Upande mmoja ulikuwa umevutwa kuliko mwingine. Akaangalia springi mbili za nyuma zinazobeba kiti. Ya kulia ilikuwa imekazwa hadi ngazi ya mwisho, ya kushoto imelegezwa hadi ya kwanza. Ndiyo maana pikipiki ilikaa kama mtu aliyesimama mguu pande. Na kwenye kila kimoja cha vitu hivyo, kwenye nati na kwenye springi, palikuwa na doa dogo la rangi nyeupe, limepakwa kwa uangalifu kuonyesha: hapa ndipo.

Sindano aliifahamu rangi ile. Ndiyo iliyopakwa geti la nyumbani, na kopo lake lilikuwa chini ya kitanda cha Mjomba.

Hapo mkono wake ukasita. Angekuwa fundi wa njia panda ndiye aliyeweka doa, angecheka, akafungua kila kitu na kumsimulia mama yake. Lakini Mjomba hakuwa mtu wa kubahatisha. Kila alichokifunga kilifungika. Na juu ya hayo, Sindano alikuwa amemwona kwa macho yake mwenyewe akiiendesha ameikunja mikono kifuani, na haikuyumba. Kama madoa yale ni makosa, mbona yeye ilimtii? Na kama si makosa, basi kosa lilikuwa pale Mjomba aliposema lipo. Akizifungua nati zile na pikipiki ikaendelea kuvuta, atakuwa ameharibu chombo cha watu na kuthibitisha kwamba mikono yake ni mizito, vyote kwa spana moja. Aliiweka spana chini. Mama yake alishangaa kwa huo ukimya, akauliza kama amejikata.

Alisema hapana, akainuka kwenda kunawa. Njiani alikumbana uso kwa uso na shati la Mjomba. Lilikuwa jipya, limepigwa pasi, linaning'inia kwenye hanga kwenye boriti ya banda likimsubiri mwenyewe. Sindano alilitazama akiwa na jicho la mtu aliyetoka kupima kwa uzi. Bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto. Pindo nalo lilikwenda upande.

"Mama," alisema, "siku hizi unashona huku unasinzia?"

"Shati hilo limenyooka."

"Halijanyooka. Bega moja liko chini."

"Subiri alivae ndipo uniambie," mama alijibu huku akiendelea kukanyaga cherehani. "Mabega ya kaka yangu hayalingani. La kulia limeshuka. Nikimkatia shati kama la watu wengine linamvuta shingoni, analalamika. Kwa hiyo namkatia lilivyo bega lake."

"Umewahi kumwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Shati linamkaa."

Sindano alisimama pale mikono ikiwa na grisi, akalitazama shati, akaitazama pikipiki, akalitazama tena shati. Ghafla alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Debe la maziwa lilikaa kushoto, na mtu anayebeba mzigo kushoto hujilaza kulia ili asianguke. Mjomba alijilaza kulia asubuhi baada ya asubuhi, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwili ukazoea na kusahau njia ya kurudi. Kisha debe likaondoka. Mwili ukabaki umelala upande, na pikipiki, isiyo na mzigo wa kuisawazisha, ikaanza kumvuta kulia. Yeye akadhani imeharibika. Akachukua spana, akasogeza hiki, akakaza kile, akajaribu tena na tena kwa subira aliyojaliwa, mpaka siku ilipomnyookea, ndipo akapaka madoa yake meupe. Mama alikata kitambaa kufuata bega lililoshuka, na Mjomba, bila kujua, akakata pikipiki kufuata bega hilohilo. Ilimkaa vizuri sana. Ila haikumkaa mtu mwingine yeyote.

Hakusita tena. Alilegeza springi ya kulia na kukaza ya kushoto mpaka zikawa ngazi moja. Akalegeza ekseli, akasogeza tairi la nyuma kidogo kidogo, akiinama kila mara kuangalia nyuzi, mpaka la mbele likakaa katikati yake bila kupendelea upande. Akakaza kila nati kwa zamu. Madoa meupe hakuyafuta. Aliyaacha pale yalipo, ingawa sasa hayakulingana na kitu.

Kisha akatoka nayo. Kwenye barabara iliyonyooka alilegeza vidole, akaachia mkono mmoja, halafu wa pili, na pikipiki ikaendelea mbele kama vile haijawahi kusikia habari za mtaro. Akaenda kwenye kona ya matofali. Alipita, akageuza, akapita tena kutoka upande wa pili, na mara ya tatu alipita kwa raha tu, akiimba ndani ya kofia ya chuma. Mikono yake ilikuwa mikono yake. Alifurahi hata akamsamehe yule fundi aliyemwambia aende kasi.

Kilichobaki ni kumwambia Mjomba, na kwa hilo hakuwa na spana. Ijumaa jioni alijitia ana kazi nyingi. Jumamosi asubuhi alikuwa akilifunga sanduku la vifaa kwenye keria, akiyapanga maneno, Mjomba alipotoka chumbani kwake amevaa shati jipya. Mama alisema kweli, lilimkaa vizuri kabisa, mabega yote mawili yalionekana sawa. Aliuliza pikipiki inaendeleaje, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaipanda, kwa mazoea tu, kama mtu anavyokaa kwenye kiti chake mezani.

Sindano aliita. Injini ilikuwa tayari inaunguruma.

Safari hii pikipiki haikwenda kama uzi. Ilianza kujisogeza kulia, Mjomba akairudisha, ikajisogeza tena. Alipojaribu kuachia mikono, ilielekea moja kwa moja kwenye ua wa jirani, akaushika usukani dakika ya mwisho na kuteremsha mguu. Alirudi polepole ameukamata kwa nguvu, jasho limemtoka usoni.

"Umeiharibu," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kwa huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Cherehani cha mama kikanyamaza.

Sindano angeweza kumpa jibu lolote la kifundi na likapita. Lakini aliyelelewa na mtu huyu hakulelewa hivyo. Alimwomba abaki palepale juu ya kiti, akaegesha pikipiki kwenye stendi ya kati ikasimama wima, akachukua uzi na kuufunga bobini ya cherehani mwishoni ili uwe na uzito. Akaushika nyuma ya ukosi wa shati na kuuacha ushuke. Kwa mtu aliyekaa sawa, bobini ingeangukia katikati ya kiti. Ilining'inia upande wa kulia, karibu na ukingo.

"Mjomba, pikipiki imenyooka," alisema. "Wewe ndiye uliyelala kulia. Ni lile debe."

Mjomba alitazama nyuma, akaiona bobini ikicheza taratibu hewani. Akapeleka mkono kwenye bega lake la kulia, akalipapasa, kisha vidole vikafuata mshono wa bega, vikahamia upande wa pili, vikarudi. Alikuwa na vidole vizuri, vya mtu makini. Alimgeukia dada yake aliyekuwa amesimama mlangoni mwa banda, tepu ya kupimia shingoni.

"Tangu lini?"

"Tangu lile shati la bluu," mama alijibu, akainamisha macho.

Shati la bluu lilichakaa zamani, Sindano akiwa bado shuleni. Sindano aliumia, kwa sababu maziwa yale ndiyo yaliyomsomesha, na sasa yeye ndiye aliyekuja na uzi kumwonyesha yalikuwa yamemfanya nini. Akamwambia kwamba madoa yako palepale, hakuyafuta, na akitaka atairudisha kila nati mahali pake sasa hivi, kazi ya muda mfupi tu, na itamnyookea kama zamani.

"Ukiirudisha, itamwangusha nani?"

"Mimi."

"Basi iache." Alishuka, akalipangusa tangi kwa kiganja. "Kumbe bado nabeba," alisema, kama anayejiambia mwenyewe, na midomo ikacheza kidogo. Kisha akamtazama mpwa wake machoni. "Na lile neno nililosema juu ya mikono yako, nalirudisha. Mbele ya mama yako nalirudisha."

Sindano alijishughulisha na kamba ya sanduku ambayo ilikuwa imeshakazwa. Mjomba alisema anataka kuiona hiyo kona ya matofali inavyopitwa, na kwamba kama chuoni kuna kiti atakaa na kungoja. Sanduku likahamishiwa juu ya tangi, mama akakimbia kumletea Mjomba kofia ya chuma, na wakaondoka.

Hawajamaliza mtaa, Sindano alihisi. Uzito wa Mjomba nyuma yake ulilala kulia, na pikipiki, sasa ikiwa mwaminifu kwa kila mtu, ikaanza kwenda huko. Alisukuma usukani kidogo kwa kiganja, kidogo tu, kiasi cha kurudisha kitambaa kinachokimbia chini ya sindano. Ikanyooka. Aliendelea kuishika hivyo barabara yote.

Kona ilipokaribia, Mjomba aliinama kwenye sikio lake.

"Inavuta?"

"Inavuta, Mjomba. Kulia kidogo."

"Nijisogeze?"

"Kaa hivyohivyo ulivyozoea," alisema. "Nimeishika."

Mjomba akatulia. Wakaingia kwenye kona ya kiwanda cha matofali, wakatoka upande wa pili, na mbele yao paa la chuo likaanza kuonekana.